Testi inatoka safi, kazi haitoki: shida za printa dalili kwa dalili

Malalamiko ya printa hapa Kigoma, kuanzia steshenari za Mwanga mpaka ofisi za shule kule Ujiji na watu wanaopiga simu kutoka Kasulu, mengi yanafanana: "fundi, testi inatoka vizuri kabisa ila kazi haitoki", au kinyume chake, "kazi zinatoka ila testi imekatwa chini, hii printa imekufa". Na mara nyingi hapo mtu ameshafuta draiva (programu inayoifanya kompyuta iongee na printa) akaweka nyingine, ameshanunua na katriji mpya, na shida iko palepale. Kinachoponza watu ni kuiamini sana ile peji ya testi. Testi inakupa habari za njia iliyopita yenyewe tu, njia ambayo haikupita haiijui, na testi zenyewe ziko za aina kadhaa.

Kwaiyo kabla hujashuka kwenye dalili, jua kwanza testi uliyoishika mkononi imetoka wapi.

Kuna testi ya vitufe, unayoitoa kwa kubonyeza vitufe vya printa yenyewe. Hiyo imehifadhiwa ndani ya printa, hata ukichomoa waya wa USB na kuzima kompyuta inatoka. Ikitoka safi maana yake karatasi inavutwa, wino au tona inashika, na kama ni leza basi fyuza, ile sehemu inayoivisha tona kwenye karatasi, inapata moto. Habari za waya, draiva, Windows na Word haina.

Kuna testi ya Windows, ile ya kwenda "Printer properties" ukabonyeza "Print Test Page". Hiyo inaanzia kwenye kompyuta, inapita kwenye draiva, inakaa foleni, inapita kwenye poti (mlango ambao Windows inatumia kuifikia printa) na waya ndo inafika kwenye printa. Ila haipiti Word wala programu yako ya PDF, na inatumia setingi zilizolala kwenye Windows, sio zile ulizochagua ndani ya dokumenti.

Wanaotumia Linux wana testi ya CUPS, yaani programu inayosimamia printa huko, unaipata kwenye brauza ukiandika localhost:631, au kwenye setingi za printa. Njia yake inafanana na ya Windows, lakini ina mistari ya mipaka na vipimo vya karatasi, na hivo vipimo ndo vinapoteza watu, nitavirudia chini.

Alafu kuna testi ya matundu ya wino, yenye vimistari vya rangi. Inapima kama kila tundu la hedi, kile kichwa cha kutemea wino, linatema wino, basi.

Kila testi ikitoka andika kwa peni pembeni: "vitufe", "Windows" au "CUPS", na saa. Zikishakuwa sita mezani hakuna anayekumbuka ipi ni ipi, na ndo hapo ubishi na mteja unapoanza.

Testi ya vitufe inatoka, kompyuta haitoi kitu

Printa yenyewe nzima. Acha katriji, usifungue kitu, shida iko kati ya kompyuta na printa.

Mara nyingi ni waya. Chomoa pande zote mbili, chomeka tena, alafu jaribu tundu lingine la USB, la nyuma ya kompyuta kama ni desktop, na usipitishe kwenye kile kigawanyio cha USB cha bei ndogo. Waya wa USB wa kawaida usizidi mita 5, nimeona ofisi printa iko chumba cha pili na waya umeungwa mara mbili, alafu watu wanashangaa mbona leo inakubali kesho inakataa.

Kama waya uko sawa angalia poti. Windows ukichomeka printa ileile kwenye tundu jingine inaweza kutengeneza printa ya pili yenye jina lilelile na "Copy 1" mbele yake. Sasa kompyuta inatuma kwenye ile ya zamani ambayo poti yake haina mtu. Fungua "Printer properties", nenda "Ports", uone iliyowekewa alama ni USB001 au USB002, weka alama kwenye nyingine, jaribu. Ile icon isiyotumika ifute, usiache zote mbili, maana wiki ijayo mtu atachagua tena ile mbovu.

Printa ya mtandao ni stori nyingine kidogo, na huku kwetu inasababishwa sana na umeme. Umeme ukikatika ukarudi, ruta inaweza kugawa anwani za mtandao (IP) upya, printa iliyokuwa 192.168.1.15 inaamka ikiwa 192.168.1.23, kompyuta bado inagonga nyumba ya zamani. Hapa testi ya vitufe inakusaidia kweli kweli, maana printa nyingi zinaandika anwani ya IP kwenye ile peji. Ilinganishe na iliyopo kwenye poti ya Windows. Zikitofautiana umeshapata jibu, ongeza poti mpya ya TCP/IP yenye anwani sahihi, alafu ingia kwenye ruta uifungie printa anwani moja isibadilike tena. Na ukiona kwenye peji anwani inaanza na 169.254 ujue printa haijapata anwani kabisa kutoka kwenye ruta, hapo shida ni waya wa mtandao au wifi.

Cha mwisho, na sio cha kwanza, ndo draiva.

Kompyuta inasema testi imetumwa, karatasi haijatoka

Hii ndo inayochanganya kuliko zote. Windows inakuletea kidirisha kwamba testi imetumwa, CUPS inaandika "completed", na printa imekaa kimya inakuangalia. Elewa hivi: kutumwa sio kutoka. Windows inamaanisha kazi imeingia foleni. CUPS ikisema "completed" mara nyingi inamaanisha imemaliza kukabidhi data upande wa pili, kama printa imezipokea ikazitupa, CUPS haina habari.

Anza na vyepesi. Printa imewashwa? Ina karatasi? Kuna taa ya njano inayowaka? Alafu fungua foleni, bonyeza menyu ya "Printer" uangalie kama "Use Printer Offline" au "Pause Printing" vina tiki. Toa tiki.

Ukikuta kwenye foleni kuna kazi ya juzi imeandikwa "Error" au "Deleting" na haiondoki, hiyo ndo imeziba njia, testi yako imepanga mstari nyuma yake. Usiendelee kubonyeza testi. Watu wanabonyeza mara nane, foleni ikifunguka zinatoka zote nane mfululizo, na karatasi siku hizi sio bure. Fungua Command Prompt kama administrator, uandike mstari mmoja mmoja:

net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Hii inafuta kazi zote zilizokuwa zinasubiri kwenye kompyuta hiyo, kwaiyo kama ni kompyuta ya ofisi inayogawia wengine printa waambie kwanza kabla mtu hajapoteza mitihani yake.

Kwenye Linux andika lpstat -p uone. CUPS ikishindwa kutuma mara moja inaweza kuisimamisha printa nzima, na ikishasimamishwa hata ukirekebisha waya kazi zinajazana tu. Unafuta kwa cancel -a, unaiamsha kwa cupsenable ikifuatiwa na jina la printa. Ikikataa tena soma faili la /var/log/cups/error_log, mistari ya mwisho huwa inasema wazi kuliko dirisha lolote.

Kuna printa moja inabidi niitaje kwa jina kwa sababu ziko nyingi sana madukani, HP LaserJet 1020. Hii programu yake ya ndani inapotea kila ukiizima, kompyuta ndo inatakiwa kuipakia upya ikiwashwa. Windows inafanya yenyewe kimyakimya. Linux bila ile plugin ya HP haifanyi, matokeo yake testi inasema imekamilika na hakuna kilichotoka, hata taa haichezi. Andika sudo hp-plugin ukiwa na intaneti, fuata maelekezo, zima printa uiwashe. Watu wameuza hizi printa bei ya kutupa wakidhani zimekufa.

Testi ya Windows inatoka, Word au PDF haitoki

Kipindi cha wanafunzi kuprinti joining instructions hii ndo inajaza watu mlangoni. Mteja ana PDF kwenye simu, umeihamishia kwenye kompyuta, unabonyeza print, kimya. Unatoa testi, inatoka. Unabonyeza tena PDF, kimya.

Sababu inayoongoza: unatuma kwenye printa nyingine. Ulipotoa testi uliingia mwenyewe kwenye printa husika ukaibonyeza, lazima itoke hapo. Lakini Word na PDF wanatuma kwenye printa iliyowekwa kuwa ya msingi, na Windows 10 na 11 zina tabia ya kuibadilisha zenyewe kwa kufuata uliyotumia mwisho. Jana ulihifadhi kitu kwa "Microsoft Print to PDF", leo hiyo ndo printa yako ya msingi. Dalili yake ni kwamba ukibonyeza print kinakuja kidirisha cha kuuliza uhifadhi wapi. Nenda kwenye setingi za printa, zima "Let Windows manage my default printer", alafu chagua printa yako mwenyewe.

Ya pili ni karatasi. Dokumenti nyingi zinazotoka mtandaoni zimetengenezwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na trei yako ina A4, 210 kwa 297. Testi ya Windows yenyewe imefuata A4 iliyowekwa kwenye setingi ndo maana imetoka. Ile PDF inaomba Letter, printa inasimama inawasha taa ya karatasi huku trei imejaa, na wewe unaishia kuongeza karatasi juu ya karatasi. Kwenye dirisha la kuprinti chagua A4 na "Fit". Usichague "Fit" kwa fomu zenye vipimo maalum kama kadi au lebo, hizo zinataka "Actual size".

Ya tatu ni PDF yenyewe kuwa nzito, imeskaniwa kwa rangi, ina fonti za ajabu. Testi ya Windows ni maandishi machache na kanembo kamoja, hata printa yenye memori ya megabaiti 2 inaimudu, na LaserJet 1020 memori yake ndo hiyohiyo 2. Fungua kwa Adobe Reader, bonyeza "Advanced" weka tiki "Print As Image", jaribu peji moja. Ikitoka umeshinda. Isipotoka fungua PDF hiyohiyo kwa brauza uprinti kutoka huko. Ikikataa huko pia lakini PDF nyingine zinatoka, basi faili limeharibika, mwambie mteja alipakue upya, mara nyingi bando lilikata katikati.

Testi imekatwa chini, au pembeni pamebaki peupe

Hapa testi inaweza kuwa inasema uongo na printa ikawa haina kosa.

Kwanza karatasi, tena Letter na A4. Kompyuta nyingi zinapowekwa Windows lugha na eneo vinabaki vya Marekani, draiva ikiingia inachukua Letter. Testi itakaa juu zaidi na chini patabaki nafasi kubwa kidogo, au itakatwa pembeni. Badilisha sehemu mbili, sio moja: "Printing preferences", na pia "Advanced" ndani ya "Printer properties" kwenye "Printing Defaults". Ukibadilisha ya kwanza tu itabadilika kwako, watumiaji wengine wa kompyuta hiyo wataendelea kulia.

Pili, hakuna printa ya kawaida ya ofisi inayofika mpaka ukingoni mwa karatasi. Inabakiza milimita kadhaa kila upande. Sasa testi ya CUPS inachora fremu kuonyesha mpaka ambao draiva inadhani printa inafika. Inadhani. Vile vipimo vilivyoandikwa pale havijapimwa na kitu chochote, vimesomwa kwenye faili la maelezo ya printa, na faili likiwa la modeli nyingine vitaandikwa vizuri tu kwa ujasiri na vitakuwa sio. Chukua rula. Pima kutoka ukingo wa karatasi mpaka mstari wa fremu pande zote nne. Upande mmoja wa fremu ukikosekana kabisa, draiva imezidisha, tafuta ya modeli yenyewe. Ikiwa fremu nzima ipo ila imeegemea upande mmoja, angalia vile vishikio vya karatasi kwenye trei, visukume viguse rimu bila kuibana.

Fremu ikitoka imepinda kama mlango uliolegea bawaba, hiyo sio programu tena. Rola za kuvuta karatasi zimechoka au zina vumbi, zipanguse kwa kitambaa kilichoguswa maji kidogo, printa ikiwa imezimwa. Isipobadilika rola mpya.

Testi inatoka herufi za ajabu, peji juu ya peji

Kitu cha kwanza chomoa karatasi kwenye trei, hata kabla hujafikiri. Alafu futa kazi kwenye kompyuta, zima printa, hesabu mpaka kumi, washa. Ukizima printa bila kufuta foleni ukiwasha inaendelea ilipoishia.

Sasa soma peji iliyotoka. Ukiona mstari wa kwanza umeandikwa %!PS-Adobe, kompyuta inaongea PostScript, lugha mojawapo ya kuiagiza printa, na printa haiijui, inaprinti maagizo kama maandishi. Ukiona @PJL pamoja na takataka nyingine, ni kwamba printa haijayaelewa maagizo ya draiva uliyoweka. Kwa vyovyote draiva sio yake. Pakua ya modeli kamili kutoka kwa mtengenezaji, namba yote, maana P1102 na P1102w watu wanazichukulia ni kitu kimoja, na usikubali zile CD za "draiva zote" zinazozungushwa.

Kama draiva ni sahihi na jana ilikuwa inafanya kazi, ni waya unapoteza data au kazi ilikatika katikati umeme ulipozima. Badilisha waya.

Kichekesho ni kwamba testi ya vitufe kwa printa hiyohiyo itatoka safi kama mpya, maana haisikilizi lugha ya kompyuta. Ndo maana muuzaji wa printa za mtumba anapenda kukuonyesha hiyo. Ukinunua, nenda na laptop yako.

Testi ya matundu imekamilika, picha ina mistari

Hizi ni printa za wino, hasa zile za matangi kama Epson mfululizo wa L ambazo kila steshenari ya passport size inayo moja.

Angalia testi kwenye mwanga wa jua, sio chini ya taa. Njano kwenye karatasi nyeupe haionekani vizuri, mtu anasema zimekamilika zote kumbe njano ina mapengo robo tatu, alafu sura za watu zinatoka rangi ya bluu.

Kama kweli imekamilika, sababu namba moja ni aina ya karatasi uliyochagua. Umeweka glossy kwenye trei, kwenye kompyuta imebaki "Plain paper", printa inamwaga wino kwa kipimo cha karatasi ya kawaida. Testi ya matundu haijali karatasi, picha inajali. Badilisha hapo na uweke ubora wa juu, nusu ya kesi zinaishia hapa.

Inayofuata: testi inatumia wino kiduchu sana. Matundu yanaweza kutema vimistari vizuri lakini ukiprinti A4 nzima yenye rangi ikifika katikati wino haufiki haraka, rangi inafifia kuelekea chini. Angalia tangi kama wino umeshuka chini ya mstari wa chini, ukishuka hapo printa inavuta hewa. Printa iliyosafirishwa kwenye basi ikiwa imelazwa ubavu nayo inaingiza hewa kwenye mipira ya kupitishia wino.

Ndo uoshe hedi sasa, na hapa kuna mpaka. Osha, toa testi, osha, toa testi, ikifika mara tatu bila mabadiliko simama. Izime uiache angalau masaa 12, alafu toa testi tena kabla ya kuosha. Hii sio imani ya mafundi, ni maelekezo ya Epson wenyewe, hewa inapanda taratibu ikiachwa. Anayeosha mara kumi na tano mfululizo anamaliza wino na kujaza sponji ya wino chafu, na sponji ikijaa printa inagoma kabisa, taa zinapeana zamu kuwaka. Hapo muite fundi. Kuna vijiprogramu vya kurudisha hesabu ya sponji kuwa sifuri, vinafanya kazi ndiyo, ila sponji bado imejaa na wino utamwagika mezani.

Usiingize sindano ya maji ya moto au spiriti kwenye hedi. Hedi mpya inakaribia bei ya printa.

Testi ya leza nyeusi vizuri, peji za kazi zinafifia au zinafutika

Testi ina maandishi machache. Mtihani wa jiografia wenye ramani una weusi mara nyingi zaidi. Katriji ya 85A inakadiriwa kurasa 1,600 na 12A kurasa 2,000, lakini makadirio hayo ni ya kurasa za maandishi mepesi, wala hayahusiani na tona za kujazwa. Kwaiyo testi nzuri haithibitishi tona ipo ya kutosha. Toa katriji, itikise taratibu kushoto kulia, rudisha, printi peji yenye weusi mwingi. Ikiboreka tona inaishia. Printi pia kwa "EconoMode" (setingi ya kubana tona) ikiwa imezimwa, watu wanaiwasha wanasahau.

Ukiona doa linajirudia kwa umbali sawa kwenda chini, pima kwa rula. Kwa katriji hizi ndogo dramu, ile silinda ya ndani ya katriji, mzunguko wake mmoja ni kama milimita 75, doa likirudi kila hapo ni dramu, badilisha katriji. Peji ya testi haina weusi wa kutosha kulionyesha doa, tengeneza kwenye Word boksi kubwa la kijivu uprinti hilo.

Ukipitisha kidole na maandishi yanafutika, tona haijaiva. Kabla ya kusema fyuza imekufa angalia karatasi. Masika hapa karibu na ziwa rimu ikifunguliwa ikaachwa wazi inanyonya unyevu, karatasi inatoka imejikunja na tona haishiki. Jaribu rimu mpya iliyofungwa. Angalia aina ya karatasi kwenye draiva, kama ni nzito chagua nzito. Alafu umeme: fyuza ndo mlaji mkubwa wa umeme kwenye leza, ukiwa kwenye jenereta dogo au inveta ya sola na volti zinashuka, testi moja inatoka imeiva na peji ya kumi inatoka mbichi. Na usichomeke leza kwenye UPS ya kompyuta, inailemea.

Ikibaki fyuza kweli, simama hapo. Inafika nyuzi joto karibu 200, na ndani ya printa kuna sehemu zenye umeme mkubwa unaobaki hata baada ya kuchomoa. Harufu ya kuungua, moshi, mlio wa kusaga, au karatasi imekwama ndani ya fyuza na haitoki kwa kuvuta taratibu: zima ukutani, chomoa, muite fundi. Usichokoe na bisibisi.

Printa ya risiti: testi inatoka, mauzo hayatoki

Zima, shikilia kitufe cha FEED, washa, inatoa testi yake. Ikitoka nyeupe tupu geuza rola ya karatasi, kwaruza kwa ukucha, upande unaoweka alama nyeusi ndo unaotakiwa kuangalia kichwa cha moto. Ikitoka safi ila programu ya duka haitoi, angalia upana uliowekwa kwenye programu, milimita 58 au 80, na poti. Hizi zinabadilisha poti ya USB kama nyingine zote.

Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, sio printa ya risiti ya kawaida hata kama inafanana. Ina seal, usiifungue kwa sababu yoyote, mpigie aliyekuuzia.

Ukimuita fundi

Mpigie picha testi zote ulizoandika "vitufe" na "Windows", mpigie na peji ya kazi iliyoharibika, zikae pamoja kwenye picha moja kama inawezekana. Peji ya Windows ina jina la draiva, toleo lake na poti, fundi akiiona anaweza kukutatulia kwa simu bila kuja. Mwambie modeli kamili, umeme unaotumia, shida ilianza baada ya nini, na kama katriji ilishawahi kujazwa mtaani mwambie tu, ataiona mwenyewe akishaifungua.